Dada yangu aliwaambia watu asiowajua kabla ya kuniambia mimi. Kwa nini?

mdogowake

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Kila nikiligusa mbele ya ndugu tunaishia kugombana, ndiyo maana nimelileta hapa.

Dada yangu ndiye msiri kuliko wote kwetu. Tulilala chumba kimoja mpaka nikafikisha miaka 17, na miaka yote hiyo shajara yake ilikuwa na kufuli, ufunguo kauvaa shingoni hata akienda kuoga. Mimba yake niliijua ikiwa na miezi mitano, tena kwa kuiona kwa macho. Huyo ndiye aliyeegemeza simu ukutani Jumanne moja, saa nne na dakika kumi usiku, akaingia laivu, na kwa dakika 47 akaisimulia ndoa yake. Alisema mumewe alihama chumba lini. Akasoma meseji alizozikuta kwenye simu ya mumewe, neno kwa neno. Akataja vidonge anavyomeza ili apate usingizi, na kwamba anameza vingapi.

Mimi kiungo nililetewa na mfanyakazi mwenzangu. Aliandika maneno manne tu: "Huyu si dada yako?" Nilipofungua, namba ya watazamaji ilikuwa imepita 2,300. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaangalia mpaka mwisho. Huyu anaandika pole, yule anauliza mume anafanya kazi gani, mwingine anatangaza biashara yake humo humo. Yeye anayasoma majina na kuwashukuru mmoja mmoja: "Asante, nimekuona. Asante, nimekuona." Sauti ile ile aliyokuwa akinibembelezea nikiwa mdogo na naogopa giza. Hapo ndipo nilipolia.

Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika 20. Jumapili iliyotangulia tulishinda pamoja, tukakunja nguo, tukacheka. Hakugusia lolote.

Kaka yetu anasema dada anatafuta kiki. Sikubali. Hauzi kitu, hana tangazo hata moja, na ukurasa wake ulikuwa na wafuasi 300 na ushei. Hao wengine walivutwa na waliokuwa wakiisambaza. Mama anasema vijana wa siku hizi hawana haya, lakini dada ana miaka 41. Binamu yetu anasema kachanganyikiwa. Nimemtazama usoni wiki zote hizi: ana akili zake timamu, na usingizi anaupata kuliko mimi.

Halafu kuna binti yake. Ana miaka 12 na ana simu yake mwenyewe. Hofu yangu kubwa iko hapo.

Swali langu: ni nini kinachomfanya mtu awafungulie maelfu asiowajua mlango aliowafungia waliozaliwa naye tumbo moja? Naomba zaidi majibu ya waliowahi kufanya hivyo, au waliofanya kazi na watu wa namna hiyo. Matusi kwa dada yangu sitayajibu.

mwalimu_wa_saikolojia

Pole sana, dada. Nafundisha saikolojia chuoni, na swali lako ni la zamani kuliko intaneti.

Mwaka 1908 mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika kuhusu mtu wa kuja, yule asiye wa hapa. Aliona kwamba watu humweleza mgeni wa namna hiyo mambo ya kushangaza, wakati mwingine ya kiwango cha maungamo, mambo wanayomficha kwa uangalifu jirani wa karibu. Sababu yake ni nyepesi: mgeni hana fungu katika maisha yako. Hata akibaki hapo, hayumo katika mambo ya kwenu. Wewe, mleta uzi, umo. Dada yako akikuambia jambo leo, kesho utakuwa nalo mezani, kwenye sherehe, kwenye msiba, kila shemeji yako anapoingia. Kumwambia ndugu ni kuanzisha kitu ambacho huwezi kukizima.

Kuna jambo jingine, nalo ni la mwilini. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Diana Tamir na Jason Mitchell, waliwaweka watu ndani ya mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Watu walipojieleza wenyewe, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na zawadi ziliamka kuliko walipowazungumzia wengine. Walipopewa nafasi ya kuchagua, walikuwa tayari kuachia sehemu ya malipo yao ili mradi waulizwe habari zao. Kujisema kunatuonjesha kitu, sote, hata wale tunaowaita wasiri. Msiri ana hamu hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba ameibana muda mrefu.

Na simu inalegeza breki. John Suler alilieleza hilo mwaka 2004: mtu akiwa mbele ya skrini hauoni uso unaokunjamana, hasikii mguno, hakuna anayeinuka na kutoka chumbani. Dalili zote zinazotufanya tunyamaze katikati ya sentensi hazipo. Fikiria dada yako akianza sentensi ile ya vidonge mbele yako. Ungeshtuka, naye angeuona mshtuko wako, na sentensi ya pili isingetoka.

Niseme na jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza kupita yote, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya kuliko wenzao. Walipata nafuu bila umati wowote. Kwa hiyo kutua mzigo ni jambo moja, na kuutua mbele za watu ni jambo la pili. Hilo la pili sayansi ninayoijua hainijibu vizuri kwa mtu kama dada yako.

aliyewahi_kufanya

Umeomba waliofanya. Mimi nilifanya, ila kwa maandishi.

Nilipoteza mimba tatu ndani ya miaka miwili. Ya tatu ilipotoka niliandika yote usiku, nikabonyeza kutuma kabla sijaisoma tena. Sikuwaambia dada zangu kwanza kwa sababu nilishajua watakachosema: "Mungu atakupa mwingine." Walikuwa wamekisema mara mbili tayari, kwa upendo kabisa, na kila mara nilitoka pale nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia. Kulipokucha nilikuta ujumbe wa faragha kutoka kwa wanawake 14. Wawili nawaona kazini kila siku. Mmoja ni bosi wangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutamka neno hilo mbele yangu.

Kwa hiyo nakuomba usiseme ni watu asiowajua, kana kwamba hao si kitu. Mwaka 2006 Tarana Burke alipoanza kutumia maneno "mimi pia" kwa ajili ya wasichana waliodhulumiwa, alijua uzito wa kuambiwa na aliyepita pale pale. Oktoba 2017 maneno hayo yalipoenea duniani, wanawake waliandika hadharani mambo ambayo waume zao wenyewe walikuwa hawayajui. Aibu inakuwa nzito kwa sababu kila mmoja anadhani ni yake peke yake.

Ila nikuambie na upande wa pili, maana nimeuishi. Siku ya tatu nilianza kuhesabu. Nilikuwa nafungua simu kuangalia mioyo imefika mingapi juu ya habari ya mtoto wangu aliyekufa. Wiki ya pili nilijikuta napanga sentensi za posti inayofuata huku nikiwa bado nalia. Facebook iliweka kitufe cha kupenda Februari 2009, na sidhani kama waliokitengeneza waliwahi kuwaza kwamba mtu atakuja kukitumia kupimia msiba wake. Nilifuta programu ile kwenye simu kwa miezi sita. Mchunge dada yako hapo. Anachofanya sasa na namba zile ni muhimu kuliko alichofanya Jumanne.

nyuma_ya_kamera

Nimefanya kazi kwenye kipindi cha televisheni kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kutafuta wageni: waliosalitiwa, ndugu waliokosana, watoto wanaomtafuta baba. Kituo sitakitaja. Niliacha na sina fahari na kila nilichokifanya pale, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Watu hudhani tunawalazimisha. Simu tulizopokea zilikuwa nyingi kuliko tulizopiga. Na hawakuwa watu wapenda sifa. Wengi walikuwa waoga, wanatetemeka, wanauliza kama wanaweza kuvaa miwani ya jua. Kisha taa zikiwaka wanasema mambo ambayo sikuwa nimewauliza.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1971 kamera za televisheni ziliingia nyumbani kwa familia ya Loud huko Santa Barbara, Marekani, zikakaa miezi saba, zikarekodi karibu saa 300. Mwaka 1973 nchi nzima ikaangalia vipindi 12, na katika kimojawapo mama wa nyumba ile akamwambia mumewe ahame. Magazeti yaliwasema vibaya sana, na wao wakalalamika kwamba waliohariri waliwaonyesha walivyotaka. Ungedhani hawatafungua mlango tena. Lakini kijana wao mkubwa, Lance, alipokuwa anakufa mwaka 2001, ni yeye mwenyewe aliyetaka kamera zirudi. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mtu aliyeumizwa na kamera akaiita ije imuone akimalizika.

Na mwaka 1996 mwanafunzi wa Kimarekani wa miaka 19, Jennifer Ringley, aliweka kamera ndogo kwenye chumba chake cha bwenini, ikawa inapeleka picha kwenye intaneti kila baada ya dakika chache, akisoma, akilala, akiwa na mpenzi. Aliendelea mpaka mwisho wa 2003, kisha akafunga na kutoweka kabisa mtandaoni. Kwa hiyo hata anayejianika kwa miaka saba anaweza siku moja kuitaka sitara yake irudi.

Ubaya wetu sisi wa vipindi ulikuwa hapa: mgeni anakuja na jambo lake, sisi tunataka tukio. Anayekuja kuomba msamaha tunamuweka chumba tofauti na anayeombwa, wasionane, ili sura za kwanza zinaswe na kamera. Fomu anasaini akiwa tayari amepakwa poda na gari la kumrudisha limeshaondoka. Machi 1995, Marekani, mwanamume aliambiwa kwamba kipindini atakutana na mtu anayempenda kwa siri. Akakuta ni mwanamume anayemfahamu. Siku tatu baadaye akampiga risasi akamuua. Nchini Uingereza, Mei 2019, kituo cha televisheni cha huko, ITV, kilikifuta kipindi kilichokuwa hewani tangu 2005 baada ya mgeni mmoja kufariki siku chache tu baada ya kurekodiwa. Nilikuwa bado kazini habari ile ilipofika. Siku hiyo kikao chetu cha asubuhi kilifanyika kama kawaida, na mimi nikaandika barua ya kuacha kazi wiki iliyofuata.

Sasa jibu langu kwako. Kabla ya kurekodi nilikuwa na swali moja ninalomuuliza kila mgeni, ili nijue nimweke wapi na kamera ipi imwangalie: "Unataka nani akuone?" Kwa miaka sita hakuna aliyenijibu "watu wote". Kila mtu alitaja mmoja. Mama yangu. Yule aliyenifukuza kazi. Mwalimu wa darasa la tano. Umati ulikuwa njia tu ya kumfikia huyo mmoja, au ya kumzuia asikane kwamba amesikia.

Muulize dada yako alikuwa anazungumza na nani.

mtoto_wa_posti

Nimesita kuandika, lakini umemtaja binti wa miaka 12.

Mama yangu alianza kuandika kuhusu mimi nikiwa na miaka mitatu. Nilikuwa nakojoa kitandani mpaka nilipofika miaka tisa, naye alikuwa anasimulia jinsi anavyopambana nalo. Aliandika vizuri, kwa upole, na najua aliwasaidia akina mama wengi, kwa sababu walikuwa wananisimamisha barabarani kuniambia. Nikiwa na miaka 13, mwenzangu darasani alitafuta jina la mama. Alisoma kwa sauti. Alichagua aya nzuri kabisa, ile ambayo mama anaeleza jinsi anavyobadilisha shuka kimya kimya usiku ili nisione haya.

Mama hakunidanganya wala kunidhihaki. Kila alichoandika ni kweli na alikiandika kwa mapenzi. Ila habari ilikuwa yangu, na nilipofika umri wa kuisimulia mwenyewe nilikuta imeshasimuliwa. Mpaka leo nikikutana na mtu mpya sijui anajua kiasi gani.

Ufaransa ilipitisha sheria Oktoba 2020 inayompa mtoto haki ya kuomba mwenyewe, bila idhini ya mzazi, video zake zifutwe kwenye majukwaa. Nilipoisoma nilikuwa mtu mzima tayari. Nililia.

Ndoa ni ya dada yako, na ana haki ya kuisema. Lakini ulisema alitaja aliyoyafanya mumewe. Huyo mume ni baba wa mtu.

mdogowake

Nimerudi. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja. Asanteni, na wewe mtoto_wa_posti hasa, najua halikuwa jambo jepesi kuandika.

Nilikwenda kwa dada Jumamosi. Nilianza na swali langu mwenyewe, kwa nini hukuniambia mimi. Nilitegemea atasema nina haraka ya kulaumu, au nina mdomo. Akajibu huku anaosha vikombe, hakugeuka: "Ningekuambia wewe, ungemchukia. Halafu tukipatana, mimi nitakuwa nimesamehe na wewe utakuwa bado unamchukia, na nitakuwa nimepoteza mmoja wenu. Wale hawatamkumbuka hata jina." Sikuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa tayari namchukia pale nilipokaa.

Basi nikamuuliza la nyuma_ya_kamera: ulikuwa unazungumza na nani? Nilikuwa na uhakika atasema mumewe.

Akasema, "Na mwanangu."

Alinieleza hivi. Mumewe ameshaanza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeivunja nyumba. Anajua mtoto atakua na habari hiyo, atailea miaka mingi, na siku atakapokuwa na umri wa kuuliza, kila mtu atakuwa amesahau na mama yake ataonekana anajitetea. Akataka kuwe na kitu kilichosemwa usiku ule ule, bado macho yamevimba, mbele ya watu ambao hakuna atakayedai aliwapanga. Shajara angeweza kuambiwa ameiandika jana. "Nilitaka mashahidi," alisema. "Wewe ni ndugu yangu. Ndugu si shahidi."

Wakuu, nilikuwa nimekuja nikiogopa kwamba binti ataiona, kumbe iliwekwa ili aione.

Nikatoa simu nikamuonyesha jibu la mtoto_wa_posti. Alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Mikono ilikuwa bado na povu. Alipofika pale pa "huyo mume ni baba wa mtu" aliweka simu kifudifudi mezani. Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Baadaye akaniuliza kama ninajua namna ya kuipakua video na kuihifadhi mahali, ikiwa ataamua kuiondoa. Nikamwambia najua. Kwamba kuna watu wengine walioipakua pia, analijua. Hakusema ataiondoa lini, na mimi sikumsukuma.

Wakati naondoka, binti alinisindikiza mpaka getini. Hafanyi hivyo siku zote. Alikuwa anavuta uzi kwenye mkono wa sweta lake, anauzungusha kidoleni.

Akaniuliza, "Mama mdogo, wewe uliangalia mpaka mwisho?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Mimi niliishia pale anapomtaja baba. Mwishoni alisema nini?"